Mazoezi wakati wa ujauzito: Dozi si moja kwa akina mama wa Kaskazini Mashariki

UJAUZITO si ugonjwa, wala mja mzito si mgonjwa wa kulazwa kitandani miezi tisa. Utafiti wa miongo kadhaa umebainisha kuwa mwanamke mwenye afya njema anayetembea na kunyoosha viungo mara kwa mara hujikinga na baadhi ya maradhi hatari ya ujauzito, na mtoto aliye tumboni hadhuriki.

Hata hivyo, ushauri huu unapofika Garissa, Wajir na Mandera, kaunti tatu zilizokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki kabla ya mfumo wa ugatuzi kuanza mwaka 2013, hauna budi kupimwa upya kabla ya kutolewa. Eneo hili lina wajawazito ambao hali zao zinatofautiana kama mbingu na ardhi. Kuna yule wa mjini ambaye aghalabu hushinda ndani ya ua, na kuna yule wa malishoni ambaye hutembea mwendo mrefu kutafuta maji na kuni ilhali hajashiba. Wa kwanza anahitaji kuongeza mwendo. Wa pili anahitaji kupunguziwa mzigo. Kuwapa wote wawili agizo moja ni sawa na kugawa dawa bila kumpima mgonjwa.

Suala lenyewe si la anasa. Takwimu zilizotolewa mwaka 2014 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu (UNFPA), kwa msingi wa sensa ya mwaka 2009, zilionyesha kuwa Mandera ilipoteza akina mama 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 495. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha hali ya nchi ikiwa na nafuu kidogo, kwa wastani wa vifo 355, lakini Garissa bado ilikuwa na vifo 641.

Miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo hivyo ni kuvuja damu, shinikizo la damu la ujauzito, maambukizi na uchungu uliokwama. Mazoezi hayawezi kuzuia yote hayo. Yanaweza kupunguza baadhi, na yakitumiwa vibaya yanaweza kumwongezea mama udhaifu. Ndiyo maana ni muhimu kujua yanafanya nini hasa mwilini.

Manufaa kwa mama

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza kwamba mja mzito asiye na tatizo la kiafya linalomzuia afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku, kwa siku tano. Mazoezi ya kadiri ni yale yanayoharakisha pumzi na mapigo ya moyo pasi na kumzuia mtu kuzungumza. Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, umefika kipimo kinachotakikana. Ukishindwa kumaliza sentensi, umevuka mpaka.

Ushauri haukuwa hivi tangu jadi. Mnamo 1985, chama cha madaktari wa uzazi nchini Marekani kiliwataka wajawazito wasiruhusu moyo upige zaidi ya mara 140 kwa dakika, na wasifanye mazoezi mazito kwa zaidi ya dakika 15 mfululizo. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 1994 baada ya kukosekana ushahidi wa kuyatetea.

Faida ya kwanza inahusu shinikizo la damu. Katika ujauzito, kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Mazoezi huimarisha moyo na kuisaidia mishipa kutanuka vyema. Wajawazito wanaofanya mazoezi hupungukiwa na hatari ya kupata shinikizo la damu, ambalo likizidi huleta kifafa cha mimba na kuhatarisha maisha ya mama na mtoto.

Faida ya pili ni kuhusu kisukari cha ujauzito. Homoni zinazotoka katika kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, na sukari hubaki kwenye damu. Misuli inapofanya kazi huivuta sukari hiyo na kuitumia kama nishati. Jambo hili lina uzito katika miji ya Garissa, Wajir na Mandera, ambako milo mingi ni ya wali, pasta na anjera, na chai hunywewa ikiwa na sukari nyingi.

Aidha, mazoezi humwepusha mama na unene wa kupindukia, na hupunguza hatari ya kuzongwa na huzuni kali baada ya kujifungua. Mazoezi ya kubana na kuachia misuli ya chini ya nyonga, mithili ya mtu anayezuia mkojo, hupunguza tatizo la mkojo kuvuja ambalo akina mama wengi hulionea haya na kulinyamazia. Mazoezi hayo yalipata umaarufu kupitia daktari Mmarekani Arnold Kegel mwaka 1948. Hayahitaji kifaa wala nafasi, na mama anaweza kuyafanya akiwa ameketi bila mtu yeyote kutambua.

Manufaa kwa mtoto

Hofu kubwa ya familia nyingi ni kwamba mazoezi yatatoa mimba au yatamfanya mtoto azaliwe kabla ya siku zake. Kwa mama mwenye afya, hofu hiyo haina msingi. Mazoezi ya kadiri hayajaonekana kuongeza idadi ya mimba zinazotoka, watoto wanaozaliwa wafu wala wanaozaliwa njiti. Hayampunguzii mtoto uzani unaofaa. Yanachopunguza ni uwezekano wa mtoto kuwa mkubwa kupita kiasi, hali ambayo aghalabu hutokana na kisukari cha mama na huweza kufanya mabega ya mtoto yakwame wakati wa kuzaliwa.

Hapa kuna jambo linalostahili kutajwa waziwazi. Katika jamii ya Wasomali, kama ilivyo katika jamii nyingine kadhaa ulimwenguni, wapo wajawazito wanaojinyima chakula katika miezi ya mwisho wakitumai kuwa mtoto atakuwa mdogo, uzazi utakuwa mwepesi, nao wataepuka kupasuliwa. Nia ni njema ila njia ni ya hatari. Mtoto anayezaliwa na uzani mdogo huwa mnyonge mbele ya baridi, maambukizi na njaa. Mama naye huingia katika uchungu akiwa na upungufu wa damu, na mwanamke mwenye damu chache huweza kufa kwa kuvuja kiasi ambacho mwenzake mwenye afya angekistahimili. Anayehofia mtoto mkubwa na apime sukari kliniki na atembee kila siku. Asijinyime chakula.

Mazoezi si sawa na sulubu

Huenda mtu akauliza: ikiwa kutembea ni dawa, je, mwanamke wa malishoni si ndiye mwenye afya bora kuliko wote? Katika maisha ya ufugaji, wanawake ndio huteka maji na kutafuta kuni. Familia inapohama, wao ndio huivunja nyumba ya fito na mikeka, huipakia juu ya ngamia, na kuijenga tena waendako. Je, hayo si mazoezi tosha?

Jibu ni kwamba mazoezi na sulubu hutofautiana kwa mambo manne. Mazoezi huwa na kikomo, na mtu huacha anapochoka. Hufuatwa na mapumziko. Hufanywa na mtu aliyekula. Tena hayaambatani na mzigo unaolemea mgongo. Mama anayebeba mtungi wa lita 20 amebeba kilo 20 za maji juu ya uzito wa ujauzito, na hawezi kuutua eti kwa kuwa amechoka, kwani nyumbani wanamsubiri. Watafiti wamehusisha kazi ya kuinua mizigo mizito na kusimama kwa muda mrefu na ongezeko la watoto wanaozaliwa njiti au wakiwa na uzani mdogo. Kazi inapozidi nguvu, damu huelekezwa kwenye misuli, na ile inayofika katika mfuko wa uzazi hupungua.

Ni vyema pia kukumbuka kuwa sehemu kubwa ya utafiti unaosifu mazoezi imefanywa katika nchi tajiri, miongoni mwa wanawake walioshiba na ambao siku zao hupita wakiwa wameketi. Ushahidi ulio karibu zaidi na hali ya Kaskazini Mashariki unatoka Gambia, taifa la Afrika Magharibi ambako wajawazito hulima mashamba hadi siku za mwisho.

Mnamo 1997, Sana Ceesay na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 28 vya Gambia. Wajawazito walipewa kila siku biskuti za njugu zenye nishati ya takriban kalori 1,000. Katika msimu wa njaa, ambao ndio msimu wa kazi nyingi za shamba, uzani wa watoto waliozaliwa uliongezeka kwa wastani wa gramu 201. Katika msimu wa mavuno nyongeza ilikuwa gramu 94. Idadi ya watoto waliozaliwa wafu ilipungua kwa takriban nusu.

Funzo liko wazi. Mama anayefanya kazi nzito bila chakula cha kutosha hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Anahitaji chakula. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, mifugo ikafa na maziwa yakaadimika. Katika nyakati kama hizo, kila kilomita anayotembea mja mzito hutoka katika akiba ya mwili wake mwenyewe. WHO inapendekeza kuwa mahali penye utapiamlo mwingi, wajawazito wapewe chakula cha nyongeza chenye nishati na protini, fauka ya vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi vya kila siku.

Joto ni mpinzani wa tatu

Mji wa Garissa, ulio kando ya Mto Tana, ni miongoni mwa miji yenye joto kali nchini. Joto la mchana hupita nyuzijoto 33 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na Februari na Machi huwa miezi ya kuchoma. Mja mzito hujipatia joto zaidi ya watu wengine, na mtoto aliye tumboni huwa na joto la takriban nusu nyuzi kuliko mamake. Mtoto hana jasho la kumpoza. Hutegemea damu ya mama ichukue joto lake na kulitoa nje.

Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa uwezekano wa kuzaa njiti huongezeka kwa asilimia 5 kwa kila nyuzi moja inayoongezeka, na kwa asilimia 16 wakati wa mawimbi ya joto. Huko huko Gambia, utafiti wa 2022 uliofuatilia wajawazito 92 waliokuwa wakifanya kazi mashambani ulipata kuwa kila ongezeko la nyuzi moja ya kipimo cha dhiki ya joto lilihusishwa na ongezeko la asilimia 17 la dalili za mtoto kutaabika tumboni.

Kwa hivyo, saa ya kufanya mazoezi ni muhimu kama mazoezi yenyewe. Wakati bora ni baada ya swala ya alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni baada ya jua kutua. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mja mzito anapaswa kukaa kivulini kadiri iwezekanavyo. Anywe maji kabla, wakati na baada ya mazoezi. Mkojo wa rangi nzito ni ishara kuwa maji hayatoshi.

Mama wa mjini aanzeje?

Ambaye hakuwa na mazoea ya mazoezi asianze kwa pupa. Aanze na matembezi ya dakika 10 kwa siku na kuongeza kidogo kidogo hadi afike dakika 30. Haba na haba hujaza kibaba, na dakika 10 mara tatu kwa siku ni sawa na dakika 30 kwa mkupuo mmoja. Atafute mwenzake wa kutembea naye, avae nguo nyepesi isiyobana na viatu visivyoteleza, kwani tumbo linapokua mwili hupoteza mizani na viungo vya nyonga hulegea. Pasipo usalama wa kutembea nje, kuzunguka ndani ya ua kunatosha.

Mara mbili au zaidi kwa wiki aongeze mazoezi ya kuimarisha misuli: kusimama na kuketi kitini mara 10 bila kujishika, kusukuma ukuta kwa mikono, na kuinuka kwa ncha za vidole akiwa ameshika kitu imara. Baada ya miezi mitatu ya kwanza aepuke mazoezi ya kulala chali, kwa kuwa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Michezo ya kugongana au yenye hatari ya kuanguka iepukwe kabisa.

Katika mwezi wa Ramadhani, dini imempa ruhusa ya kutofunga mja mzito anayehofia afya yake au ya mtoto. Anayefunga asifanye mazoezi mchana. Matembezi mafupi baada ya kufuturu na kunywa maji yanafaa.

Nani asifanye, na dalili za kuacha

Kabla ya kuanza, mama aende kliniki. WHO inapendekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane, mara ya kwanza ikiwa kabla ya wiki 12 kutimia. Huko atapimwa damu, shinikizo na mkojo. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, shinikizo kali la damu la ujauzito, kondo lililoziba njia ya uzazi, mlango wa uzazi uliolegea, au maradhi makali ya moyo au mapafu hapaswi kufanya mazoezi haya. Mwenye mimba ya pacha au aliyewahi kuzaa njiti apate kwanza ushauri wa daktari.

Mazoezi yakomeshwe mara moja na msaada wa matibabu utafutwe iwapo kutatokea mojawapo ya haya:

- damu au maji kutoka ukeni;
- maumivu ya tumbo yanayokuja na kurudi kwa mpangilio;
- kizunguzungu, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu;
- maumivu ya kifua au kuhema kabla ya kuanza kazi;
- shavu la mguu kuuma au kuvimba;
- mtoto kupunguza kucheza tumboni.

Mazoezi pia hayawezi kufuta madhara ya ukeketaji, uliopigwa marufuku kisheria nchini mwaka 2011. Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika eneo hili walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa WHO wa 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita ikiwemo Kenya, ulithibitisha kuwa waliokeketwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuvuja damu na kupasuliwa. Mwanamke aliyeshonwa amweleze mkunga mapema ili uzazi wake upangwe kufanyika hospitalini.

Wakati wa uchungu na arubaini

Mwendo una faida hata uchungu unapoanza. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wanawake wanaotembea au kukaa wima katika hatua ya kwanza ya uchungu huifupisha kwa takriban saa moja na dakika 20, wakilinganishwa na wanaolala.

Baada ya kujifungua, desturi ya Wasomali humpa mzazi siku 40 za kutunzwa na kupumzishwa. Ni desturi ya busara inayofaa kuenziwa, maana humtua mama mizigo na kumpa chakula. Ila kupumzika si kulala bila kunyanyuka. Matembezi mafupi ya ndani kwa ndani hupunguza hatari ya damu kuganda miguuni. Aliyepasuliwa afuate maagizo ya daktari hadi kidonda kipone.

Jukumu la familia

Mja mzito wa malishoni hawezi kujitua mtungi peke yake. Mume, mavyaa na majirani ndio wenye uwezo wa kuamua kuwa tangu mimba ionekane, punda ndiye atakayebeba maji, vijana watakwenda kuni, na maziwa ya kwanza ya jioni yatakuwa ya mama. Mwanamke wa mjini naye hatatoka kutembea alfajiri ikiwa nyumbani kwake kila hatua yake inatiliwa shaka.

Iwapo heshima ya siku 40 hupewa mama baada ya kuzaa, basi sehemu ya heshima hiyo ingestahili kuanza mapema, angalau katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Hapo ndipo ushauri wa mazoezi utakapokuwa dawa kwa wote: kwa mmoja dakika 30 za mwendo, na kwa mwingine mlo kamili, kivuli na mgongo usio na mzigo.